Ufalme wa Ngoma: Habari za Beni, Marini na Arinoti

Hili ni somo letu la historia, nami ninasema nanyi kutoka Muheza. Walimu wa madarasa, tafadhali andikeni ubaoni maneno matatu kabla sijaendelea: Beni, Marini, Arinoti. Wanafunzi, tuyasome pamoja polepole. Be-ni. Ma-ri-ni. A-ri-no-ti. Mkimaliza somo hili mtajua maana ya kila neno, na mtajua pia kwa nini maneno hayo yaliwahi kuwatia wasiwasi wakubwa wa serikali.

Mtu akisikia neno historia, mara nyingi hufikiri habari za wafalme, vita na mikataba. Leo nasi tutazungumza habari za wafalme, lakini wafalme hawa hawakuwa na nchi. Mchana mfalme alikuwa karani, au mpishi, au mchukuzi wa mizigo bandarini. Siku ya ngoma ilipofika, alivaa koti lenye vifungo vya shaba, akafunga mshipi, na watu wake wakampigia saluti. Alikuwa na majenerali wake, makapteni wake na masajini wake. Alikuwa na mweka hazina na mwandishi. Kesho yake asubuhi alirudi kazini, akaitikia "Ndiyo, Bwana," kama kawaida.

Vijana wetu wa leo wana michezo ya kompyuta na ya simu, ambamo watu walio mbalimbali hukutana, hujenga miji, huweka viongozi, hufanya mapatano na hupigana vita visivyomwaga damu. Wazee wengi wakiona hivyo husema ni upuuzi. Lakini babu na bibi zetu wa pwani hii walijenga nchi ya mchezo zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hawakuwa na mashine. Walikuwa na ngoma, tarumbeta, nguo zilizopigwa pasi, na daftari la michango. Nchi hiyo ya mchezo ilikua, ikapata taabu, ikayumba, na mwisho ikadhoofika. Habari zake zina mafunzo kwa kila mtu aliye katika chama chochote, kiwe cha kuzikana, cha kuweka akiba, cha mpira au cha ushirika.

Asili ya Beni

Neno beni limetoka katika neno la Kiingereza lenye maana ya kundi la wapiga tarumbeta na ngoma. Ngoma hii ilianza katika pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Wakati huo watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuziona bendi za aina nyingi. Sultani wa Unguja alikuwa na bendi yake, na wapigaji wake walikuwa Wagoa. Manowari za Waingereza zilipotia nanga, mabaharia waliteremka wakapita mjini kwa kupiga muziki. Na huko Freretown, karibu na Mombasa, mahali pa misheni palipoanzishwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, vijana walifundishwa kupiga tarumbeta.

Basi watu wakachukua muziki ule mpya. Lakini tusidhani kwamba mashindano yenyewe yalikuwa mapya. Miji ya pwani ilikuwa na desturi ya kugawanyika pande mbili na kushindana tangu zamani sana. Lamu walikuwako watu wa Mkomani na watu wa Langoni. Mombasa walikuwako Miji Mitatu na Miji Tisa. Pande hizi zilishindana kwa ngoma, kwa mashairi, kwa karamu na kwa mavazi. Kila upande ulitaka kuonyesha kwamba wao ndio waungwana zaidi na ndio wakarimu zaidi. Kwa hiyo Beni ilikuwa nguo mpya iliyovikwa mwili wa zamani. Ngoma ya kale ya mashindano ilivaa sare ya askari, ikajifunza kutembea kwa mistari.

Kutoka Mombasa kuja Tanga si mbali. Mashua zilikwenda na kurudi, na ndugu wa damu walikaa pande zote mbili za mpaka uliowekwa na Waingereza na Wadachi. Kabla ya mwaka wa 1914, Beni ilikuwa imekwisha kuingia Tanga na Dar es Salaam na miji mingine ya pwani ya nchi iliyotawaliwa na Wadachi.

Tanga na Muheza za wakati ule

Ili tuelewe kwa nini ngoma hii ilipata watu wengi, hatuna budi kujua mji ulivyokuwa. Mwaka wa 1889 Wadachi walimleta Hermann von Wissmann kupigana na watu wa pwani waliokuwa wakiongozwa na Abushiri wa Pangani. Wissmann aliajiri Wasudani kama 600 huko Misri wawe askari wake. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Mwaka wa 1893 kazi ya kujenga reli ilianza Tanga, na mwaka wa 1896 reli ikafika hapa Muheza, kilometa zipatazo 40. Mwaka huo wa 1893 pia katani ya kwanza ilifika karibu na Pangani. Dakta Richard Hindorf alikuwa ameagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yalitokea mashamba makubwa tunayoyajua, ya Muheza na Ngomeni na Korogwe na kwingineko.

Reli na katani vilileta watu. Walikuja wenyeji wa karibu, Wabondei, Wadigo, Wasegeju na Washambaa. Walikuja pia Wanyamwezi, Wasukuma na wengi wengine kutoka bara ya mbali. Mtu aliyetoka Tabora akashuka Tanga hakuwa na mjomba, hakuwa na mzee wa ukoo, hakuwa na wa kumzika akifa. Akiugua, nani atamletea uji? Akiibiwa, nani atamsemea? Serikali ilimwandikia kipande cha kazi, lakini kipande hakimsaidii mtu aliye na homa.

Hapo ndipo nchi ya mchezo ilipopata raia wake.

Marini na Arinoti

Katika nchi yetu pande mbili kubwa za Beni ziliitwa Marini na Arinoti. Jina la Marini lilitokana na mabaharia na askari wa manowari, watu waliojulikana kwa usafi wa sare zao. Arinoti ni jina la Waarnauti, yaani Waalbania waliokuwa askari wa Sultani wa Uturuki na wa Misri, nao walijulikana kwa ukali.

Kwa kawaida Marini walikuwa watu wa mjini waliojiona waungwana: makarani, waliosoma shule, wenyeji wa pwani wenye majina. Arinoti walikuwa zaidi watu wa kazi za mikono na wageni waliotoka bara. Marini walijivunia unadhifu. Arinoti walijivunia nguvu na wingi. Haikuwa hivyo kila mahali, maana mtu aliweza kuingia upande huu kwa sababu ya rafiki, au kuhama upande ule kwa sababu ya ugomvi. Lakini ndivyo watu wengi walivyoziona pande hizi mbili.

Sasa tuangalie serikali ya chama ilivyopangwa. Juu kabisa alikuwako Kingi, yaani mfalme. Wakati wa Wadachi walikuwako pia walioitwa Kaisari. Chini yake walikuwako wakubwa wenye vyeo vya jeshi na vya utawala, kila mmoja na kazi yake. Wanawake nao walikuwa na malkia wao na vyeo vyao, na katika miji mingi wao ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya karamu na nyimbo. Kila mwanachama alitoa mchango. Aliyevunja amri alilipa faini: aliyechelewa, aliyekuja na nguo chafu, aliyegombana mbele ya watu. Cheo hakikutolewa bure. Mtu alikipata kwa kutoa, kwa kutumikia na kwa kukubaliwa na wenzake.

Fedha hizo zilifanya nini? Sehemu ilinunua ngoma, tarumbeta na nguo. Sehemu ilisaidia wagonjwa, ilizika wafu, na kumpokea mgeni. Mwanachama aliyesafiri aliweza kufika mji mwingine asiomjua, akauliza, "Marini wako wapi?" na akapata mahali pa kulala na chakula. Matawi yaliandikiana barua. Cheo cha mtu wa Tanga kilijulikana Dar es Salaam. Fikirini, ndugu wanafunzi: hapo palikuwa na watu wa makabila mengi, waliounganishwa na Kiswahili na kwa amri walizojiwekea wenyewe, bila mzungu yeyote kuwapangia. Hayo yalikuwako kabla ya vyama vya siasa kuzaliwa katika nchi hii.

Vita vya kweli

Mwezi wa Agosti 1914 vita vikuu vilianza Ulaya, na mwezi wa Novemba vilifika mlangoni kwetu. Waingereza walileta jeshi kutoka Bara Hindi, wakashuka Tanga, wakapigwa na jeshi la Wadachi katika mapigano ya siku chache, wakarudi merikebuni. Askari wengi wa jeshi hilo la Wadachi walikuwa Waafrika. Waingereza hawakuingia Tanga mpaka mwezi wa Julai 1916.

Vita hivi vilichukua watu wengi mno. Askari walikuwa maelfu, na wapagazi walikuwa wengi kuliko askari mara nyingi. Wapagazi walikufa kwa njaa, kwa kuhara na kwa uchovu kuliko walivyokufa kwa risasi. Katika mateso hayo Beni haikufa, bali ilienea. Askari na wapagazi wa pande zote mbili waliibeba wakaenda nayo. Kambini jioni watu walipata nafasi ya kuwa kitu kingine zaidi ya kuwa migongo ya mizigo. Mateka walifundisha waliowateka, na waliowateka wakapeleka ngoma kwao.

Vita vilipokwisha mwaka wa 1918, askari wa jeshi la Waingereza walirudi Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, pamoja na Beni. Huko ilizaa ngoma ziitwazo malipenga na mganda. Ilifika mpaka migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, wakaiita Mbeni. Hapa kwetu mganda unajulikana katika nchi ya Ziwa Nyasa. Ngoma iliyotoka mitaa ya Lamu na Mombasa ilikuwa imefika mbali kuliko Kingi yeyote alivyoota.

Serikali yashuku

Wakubwa wa jeshi na wa utawala wa Kiingereza walipoona haya waliingiwa na wasiwasi. Walijiuliza: Hawa watu ni wa makabila mbalimbali, wana vyeo, wana fedha, wana barua zinazokwenda mji hadi mji. Je, ni ngoma kweli, au ni jeshi la siri? Mwaka wa 1919 maofisa wa upelelezi walikusanya habari za Beni katika nchi za Afrika ya Mashariki. Wengine walidhani kuna njama nyuma yake. Njama haikuonekana. Waliona watu wanaocheza, wanaoshindana, wanaozikana.

Hata hivyo shaka haikwisha. Mwaka wa 1935 wafanyakazi wa migodi ya shaba huko Rhodesia ya Kaskazini waligoma kwa sababu ya kodi, na wafanyakazi sita waliuawa kwa risasi huko Luanshya. Tume iliyochunguza mgomo ilizungumzia pia chama cha Mbeni, kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kuzoea kukutana na kupelekeana habari kwa njia ya ngoma. Kumbe mtu aliyejifunza kupanga mchezo amejifunza kupanga. Akili ile ile itumikayo kuwakusanya watu 50 wapige hatua pamoja ndiyo itumikayo kuwakusanya wadai haki yao.

Taabu ya hazina

Lakini msifikiri kwamba adui mkubwa wa Marini na Arinoti alikuwa serikali. Adui wao mkubwa alikaa ndani ya chama, katika daftari la hesabu.

Mashindano yalikuwa hivi. Upande mmoja ulipita mjini kwa maandamano, ukacheza, ukachinja ng'ombe na kulisha watu. Upande wa pili ulitazama, kisha ukajibu siku yake. Mshindi ni yule aliyesifiwa na watu kwa mavazi, kwa utaratibu, kwa nyimbo za kumchoma mwenzake, na kwa wingi wa chakula. Hakuna aliyekubali kushindwa. Waliochinja wawili walijibiwa kwa watatu. Waliojibiwa kwa watatu walitafuta wanne.

Tufanye hesabu. Huu ni mfano wangu wa darasani tu, nimeutunga ili tuelewe. Tuseme chama kina watu 60, na kila mtu hutoa senti 50 kila mwezi. Mwalimu, andika ubaoni. Kwa mwezi mmoja chama hupata shilingi 30. Kwa miezi 6 hupata shilingi 180. Sasa siku ya mashindano inakuja, na ili kuwashinda wenzao wanahitaji shilingi 300. Zinapungua ngapi? Zinapungua shilingi 120. Wanakopa dukani. Ili kulipa deni hilo bila riba, wanahitaji michango yote ya miezi 4. Katika miezi hiyo 4 mwanachama akifiwa, hakuna fedha za sanda. Akiugua, hakuna fedha za dawa. Chama kilichoundwa ili mtu asizikwe kama mbwa sasa hakiwezi kumzika, kwa sababu kilitaka kusifiwa siku moja.

Hapa ndipo penye jambo la kufikiri. Sifa ndiyo iliyowavuta watu waingie chamani. Bila mashindano, watu wasingetoa hata hizo senti 50. Na sifa hiyo hiyo ndiyo iliyoimaliza hazina. Viongozi wa Beni hawakuwa wajinga. Walikuwa wamekamatwa katikati. Kingi aliyekataa kushindana aliachwa na watu wake. Kingi aliyeshindana kila mara aliachwa na fedha.

Kwa nini Beni ilidhoofika

Basi tuzitaje sababu za kudhoofika kwake, moja baada ya nyingine.

Sababu ya kwanza ni hiyo ya gharama. Mwaka wa 1929 biashara ya ulimwengu ilianguka. Bei ya katani ilishuka vibaya, mashamba yakapunguza watu, na mishahara ikapunguzwa. Mtu asiyekuwa na kazi hana mchango.

Sababu ya pili ni kuondoka kwa waliosoma. Makarani waliokuwa fahari ya Marini walianza kutafuta vyama vya aina nyingine. Mwaka wa 1922, hapo Tanga, kilianzishwa chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Kiongozi wake alikuwa Martin Kayamba, Mbondei, aliyezaliwa mwaka wa 1891. Baadaye alikuwa karani mkuu katika ofisi ya Tanga, na mwaka wa 1931 alikwenda London kutoa ushahidi juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Chama chake hakikuwa na Kingi wala majenerali. Kilikuwa na mwenyekiti, mwandishi, kanuni zilizoandikwa, na barua kwa serikali juu ya mishahara na heshima ya watumishi Waafrika. Mwaka wa 1929 African Association ilianzishwa Dar es Salaam, na kutokana na mti huo TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954.

Sababu ya tatu ni vijana. Katika miaka ya 1930 vijana wa mjini walipenda dansi, gramafoni na mpira wa miguu. Waliwaona wazee wenye vyeo vya Kaisari na Kingi kuwa wamepitwa na wakati. Kila kizazi hutaka mchezo wake. Hata hivyo desturi ya pande mbili haikutoka Tanga. Katika miaka ya 1960 mji ulikuwa na Black Star na Lucky Star, vyama viwili vya taarabu vilivyoshindana, na nyimbo zao zilisikika pwani nzima.

Beni haikufa kabisa. Unguja bado utaisikia katika arusi, tarumbeta zikipita mtaani na watu wakifuata kwa furaha. Lakini ile nchi ya mchezo yenye wafalme, mahakama ya faini na barua za matawi haipo tena.

Je, walikuwa wakiiga tu?

Watu wengine husema: Hawa walikuwa wakiwaiga Wazungu, na kuiga ni utumwa wa akili. Mtu anayejiita Kaisari huku Kaisari wa kweli anamtoza kodi, je, si kichekesho?

Neno hilo lina uzito, wala tusilitupe. Ni kweli kwamba walichagua vyeo vya waliowatawala, na hawakuchagua vyeo vya wazee wao. Ni kweli pia kwamba Marini wengine waliwadharau Arinoti kama vile Wazungu walivyowadharau wao. Mchezo ulibeba ubaya wa ulimwengu uliouzunguka.

Lakini tutazame upande wa pili. Katika nchi ile ya kweli, karani Mwafrika hakuweza kuwa gavana hata angefanya kazi miaka 40. Mchukuzi wa mizigo hakuweza kuwa kapteni. Katika nchi ya mchezo aliweza, na aliyemweka ni watu wenzake, nao waliweza kumwondoa. Humo walijifunza kutoa amri na kutii amri ya mtu mweusi mwenzao. Walijifunza kuweka fedha za watu. Walijifunza kukaa na mtu wa kabila jingine kama ndugu. Shule hiyo haikujengwa na serikali wala na misheni. Waliijenga wenyewe, kwa senti zao, baada ya saa za kazi.

Nani aliandika?

Namalizia kwa jambo linalotuhusu sisi tulio darasani. Tumepataje habari hizi? Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, alitoa kitabu juu ya Beni mwaka wa 1975. Alitumia masimulizi ya wazee, na alitumia sana majalada ya serikali. Majalada hayo yaliandikwa na nani? Yaliandikwa na maofisa walioishuku Beni. Yaani mambo mengi tunayoyajua juu ya Marini na Arinoti yametufikia kwa kalamu ya watu waliotaka kujua kama wawatie gerezani.

Marini walikuwa na waandishi. Barua zilikwenda, madaftari ya michango yalijazwa. Lakini madaftari mengi hayakuwekwa. Yaliliwa na mchwa, yalifungiwa sukari, yalitupwa mzee alipokufa. Na Arinoti, ambao wengi wao hawakujua kusoma, walimtegemea mtu mmoja au wawili kuwaandikia. Mtu huyo akihama, kumbukumbu ya chama ilihama naye. Akiiba, hakuna aliyeweza kusoma daftari na kumwuliza.

Kwa hiyo, ndugu, kila mmoja wenu ajuaye sasa kusoma jina lake na kujumlisha hesabu amepata kitu ambacho raia wengi wa ufalme ule walikikosa. Chama chako kikisoma hesabu kila mwezi mbele ya wote, nawe ukaweza kuifuata kwa macho yako katika daftari, hakuna Kingi atakayekopa jina lako gizani.

Maswali ya darasani

1. Neno Beni limetoka wapi, na ngoma hii ilianza katika miji gani?
2. Tofauti ya Marini na Arinoti ilikuwa nini kwa kawaida?
3. Kwa nini mgeni aliyetoka bara alipenda kuingia katika chama cha ngoma?
4. Fanya hesabu hii: chama kina watu 45, kila mtu hutoa shilingi 2 kwa mwezi. Kitapata shilingi ngapi kwa miezi 5? Kikitumia shilingi 600 siku ya karamu, deni litakuwa shilingi ngapi, nalo litalipwa kwa michango ya miezi mingapi?
5. Zungumzeni pamoja: Je, Kingi angefanya nini ili watu wasimwache na hazina isiishe? Mwandishi wa darasa aandike majibu ya kila upande.

Kazi ya nyumbani: mwulize mzee mmoja wa jamaa yako kama amewahi kusikia habari za Beni, au za chama chochote cha ngoma alichocheza baba au bibi yake. Andika sentensi tano. Tia jina lako na tarehe chini, kisha karatasi hiyo iweke mahali pasipofika mchwa.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.